Kutoka Mbele ya Kamera hadi Nyuma Yake: Uongozaji wa Kinuyo Tanaka katika Sinema ya Japani, 1953–1962

Ikisiri

Makala hii inachunguza kazi ya Kinuyo Tanaka (1909–1977), mwigizaji wa Kijapani aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa nchi yake kabla ya kuongoza filamu sita kati ya mwaka 1953 na 1962. Maswali mawili yanaongoza uchunguzi huu. Kwanza, kwa nini msanii mwenye hadhi kama yake alipingwa pale alipotaka kuhama kutoka uigizaji kwenda uongozaji? Pili, je, filamu hizo sita ni kazi yake mwenyewe, au ni kivuli cha wanaume waliomwandikia miswada na kumfundisha? Makala inadai kwamba jibu la swali la pili haliwezi kupatikana katika majina yaliyoandikwa mwanzoni mwa filamu pekee. Linapatikana katika namna Tanaka alivyotumia maarifa ya mwigizaji kupanga kile ambacho mtazamaji anaonyeshwa na kile anachonyimwa.

Utangulizi

Historia ya sinema ya Japani ya katikati ya karne ya 20 kwa kawaida husimuliwa kupitia majina ya waongozaji wanaume: Kenji Mizoguchi, Yasujiro Ozu, Mikio Naruse, Akira Kurosawa, Keisuke Kinoshita. Katika masimulizi hayo Kinuyo Tanaka yumo kila mahali, lakini yumo kama sura. Ndiye Oharu anayeporomoka kutoka kasri hadi barabarani katika filamu ya Mizoguchi ya mwaka 1952; ndiye mke aliyeachwa nyumbani katika Ugetsu ya mwaka 1953; ndiye mama kipofu anayewaita watoto wake ufukweni katika Sansho Dayu ya mwaka 1954. Filamu hizo tatu zilipata tuzo katika Tamasha la Filamu la Venezia kwa miaka mitatu mfululizo, na sifa ikamwendea mwongozaji.

Jambo ambalo masimulizi hayo huligusa kwa haraka ni kwamba katika miaka hiyohiyo mwigizaji huyo alikuwa tayari ameanza kuongoza filamu zake. Ugetsu ilionyeshwa nchini Japani mwezi Machi 1953. Filamu ya kwanza ya Tanaka ilionyeshwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Alikuwa na umri wa miaka 44. Hakuwa amechoka kuigiza wala hakuwa amekosa kazi. Maelezo mepesi ya kwamba waigizaji wa kike hugeukia uongozaji pale uso unapozeeka na nafasi zinapopungua hayafai kwake, kwa sababu nafasi zake bora kadhaa alizipata akiwa tayari mwongozaji.

Malezi ya nyota

Tanaka alizaliwa tarehe 29 Novemba 1909 katika mji wa Shimonoseki, magharibi mwa kisiwa cha Honshu. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na familia ilipohamia Osaka alijifunza kupiga biwa, ala ya nyuzi inayofanana na udi kwa umbo, akajiunga na kikundi cha wasichana waliotumbuiza kwa ala hiyo. Mwaka 1924, akiwa bado hajatimiza miaka 15, aliajiriwa na kampuni ya Shochiku. Kuanzia hapo maisha yake yakaenda sambamba na maisha ya sinema yenyewe. Aliigiza katika filamu bubu za Ozu alipokuwa kijana, na mwaka 1931 akawa mwigizaji mkuu wa kike katika filamu ya Heinosuke Gosho, Madamu to Nyobo, ambayo huhesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya sauti iliyofanikiwa nchini Japani.

Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Shochiku ilitengeneza filamu zilizobeba jina lake, kama Kinuyo Monogatari ya mwaka 1930. Mwaka 1938 Aizen Katsura, hadithi ya mapenzi kati ya muuguzi mwenye mtoto na daktari wa familia tajiri, ilijaza majumba ya sinema nchi nzima. Kwa ujumla Tanaka aliigiza katika filamu zaidi ya 200. Idadi hiyo ina umuhimu wa kiuchambuzi. Mtu aliyesimama mbele ya kamera kwa karibu miaka 30, chini ya Ozu, Gosho, Shimizu, Naruse na Mizoguchi, alikuwa ameona kwa macho yake namna nyingi za kuongoza kuliko msaidizi yeyote aliyelelewa katika studio moja chini ya bwana mmoja. Ila mfumo wa studio haukuyahesabu hayo kuwa mafunzo.

Safari ya Marekani na hasira ya magazeti

Mwezi Oktoba 1949, Japani ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani, Tanaka alisafiri kwenda Marekani kama balozi wa nia njema. Alirudi mwezi Januari 1950. Aliondoka akiwa amevaa kimono. Alirejea akiwa na miwani ya jua na mavazi ya Kimagharibi, akawapungia mkono watu waliompokea Tokyo na kuwarushia mabusu. Magazeti hayakumsamehe. Yalimkejeli kwa kujifanya Mmarekani, na kwa kipindi fulani nyota aliyependwa kuliko wote akawa mtu wa kuchekwa.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kisa cha udaku, lakini lina uzito zaidi ya huo. Nchi iliyoshindwa vita ilikuwa imejaa wanawake wa kawaida ambao, kwa njaa au kwa mapenzi, walikuwa wameishi na askari wa Marekani. Wanawake hao walidharauliwa hadharani na watu walewale waliokuwa wakiishi kwa chakula na fedha za Wamarekani hao. Tanaka alionja kwa ukubwa wake wa kitaifa kile ambacho wanawake wale walikionja mitaani. Haiwezekani kuthibitisha kwamba hapo ndipo mbegu ya filamu yake ya kwanza ilipopandwa. Hata hivyo, ni vigumu kuitazama filamu hiyo bila kuikumbuka siku ile ya mabusu.

Mlango wa studio na waliousimamia

Ili kuelewa upinzani uliomkabili Tanaka, ni lazima kwanza ueleweke utaratibu wa kupata waongozaji. Kampuni kubwa za filamu za Japani ziliajiri vijana, kwa kawaida wahitimu wa vyuo vikuu, kama wasaidizi wa waongozaji. Msaidizi alipanda ngazi kwa miaka mingi: kushika kibao cha kuhesabia picha, kupanga ratiba, kuandika miswada usiku, hatimaye kupewa filamu ndogo ya kujaribiwa. Ngazi hiyo haikuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwazuia wanawake. Haikuhitaji kuwa nayo, kwani wanawake hawakuajiriwa kwenye daraja lake la kwanza.

Kabla ya Tanaka, mwanamke mmoja tu alikuwa ameongoza filamu ndefu ya kubuni nchini humo. Huyo ni Tazuko Sakane, aliyekuwa msaidizi wa Mizoguchi na ambaye mwaka 1936 aliongoza Hatsu Sugata. Wakati wa vita Sakane alitengeneza filamu za mafunzo na habari huko Manchuria. Aliporudi baada ya vita, hakupewa tena nafasi ya kuongoza. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alirejea kazini akiwa mtunza kumbukumbu za upigaji picha, mara nyingi katika filamu za Mizoguchi yuleyule. Hivyo basi, Tanaka alipokuwa akiigiza mbele ya kamera ya Mizoguchi, mwanamke wa kwanza kuongoza filamu nchini mwake alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akiandika katika daftari urefu wa kila pigo. Mfano wa kile ambacho mfumo ulimfanyia mwanamke mwongozaji ulikuwa wazi mbele ya macho yake.

Tanaka hakupanda ngazi, aliizunguka. Kwanza aliomba kujifunza. Mwaka 1953 alifanya kazi kama msaidizi wa Naruse katika filamu ya Ani Imoto, yaani nyota wa miaka 43 alikubali kutumwa kama vijana wa miaka 20. Pili, alitumia mtandao wa watu waliomheshimu: Kinoshita alimwandikia mswada wa filamu ya kwanza, na kampuni ya Shintoho, iliyokuwa changa kuliko Shochiku, ikakubali kuitoa. Tatu, na hili halisemwi vya kutosha, alitumia jina lake kama dhamana. Kampuni iliyohofia mwongozaji asiye na uzoefu ilijua kwamba watu wangenunua tiketi walau kuona Tanaka amefanya nini.

Upinzani mkali ulizuka katika filamu ya pili. Ozu na Ryosuke Saito walikuwa wameandika mswada wa Tsuki wa Noborinu, yaani Mwezi Umechomoza, tangu mwaka 1947, na Chama cha Waongozaji wa Filamu cha Japani kikaamua kuusimamia mradi huo huku Tanaka akiuongoza. Kampuni ya Nikkatsu, ambayo ilikuwa imeanza upya kutengeneza filamu mwaka 1954, ilikuwa ikigombana na kampuni nyingine tano kubwa zilizokuwa zimekubaliana kutoazimana waigizaji na waongozaji. Katikati ya mvutano huo wa kibiashara, Mizoguchi, aliyekuwa rais wa chama, alipinga Tanaka kuongoza. Upinzani huo haukuwa wa kibiashara tu. Mizoguchi hakuficha kwamba hakumwona mwigizaji wake kuwa na akili ya kazi hiyo. Ozu alimuunga mkono Tanaka, na filamu ikapigwa. Ushirikiano wa Tanaka na Mizoguchi, uliokuwa umezaa takriban filamu 15, ulikoma. Uwasa no Onna ya mwaka 1954 ndiyo ya mwisho, na Mizoguchi alifariki mwezi Agosti 1956.

Wahakiki wengi hulitazama tukio hili kama ugomvi wa mapenzi, kwa kuwa uvumi ulikuwa umewahusisha wawili hao kwa muda mrefu. Tafsiri hiyo ni dhaifu. Mizoguchi ndiye aliyemruhusu Sakane apande kutoka chini yake. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyeweza kabisa kumfikiria mwanamke katika kiti hicho. Tofauti ni kwamba Sakane alitoka katika kundi la wasaidizi, watu ambao kazi yao ni kujifunza kwa bwana. Tanaka alitoka katika kundi la wanaotazamwa. Kwa mwongozaji ambaye sanaa yake yote ilisimama juu ya uso na mwili wa mwanamke huyo, kugeuka kwake na kuishika kamera kulimaanisha kwamba nyenzo imeanza kusema. Huo ulikuwa mgogoro wa daraja katika kazi, na uliuma zaidi kwa sababu ulikuwa pia mgogoro wa jinsia.

Barua zilizoandikwa kwa niaba ya wengine

Filamu ya kwanza, Koibumi, yaani Barua ya Mapenzi, ilitokana na riwaya ya Fumio Niwa. Mhusika mkuu, Reikichi, ni mwanajeshi wa zamani wa majini anayejipatia riziki katika uchochoro wa Shibuya jijini Tokyo kwa kuandika barua za Kiingereza kwa niaba ya wanawake. Wateja wake ni wale walioachwa na askari wa Marekani. Barua zinaomba fedha na kudai ahadi. Reikichi anaifanya kazi hiyo kwa uchungu, huku moyoni akimtafuta Michiko, mpenzi wa utotoni. Siku moja anaisikia sauti yake: Michiko naye amekuja kuandikiwa barua.

Kinachofuata si kumbatio bali hukumu. Reikichi anamshambulia Michiko kwa maneno, akimlaumu kwa kuishi na adui. Hapa ndipo mkono wa Tanaka unapoonekana. Mswada unampa Reikichi hotuba, na mwigizaji Masayuki Mori anaitoa vizuri. Lakini kamera haikubali kubaki upande wake. Inakaa na Yoshiko Kuga, aliyeigiza Michiko, kwa muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji, na mtazamaji anaanza kumwona mlaumiwa akipima maneno ambayo hatayasema. Kadiri Reikichi anavyoongea ndivyo anavyopungua. Mtu aliyeigiza maelfu ya picha za kusikiliza alijua kwamba katika sinema anayesikiliza ndiye mwenye tukio.

Tanaka mwenyewe anatokea kwa muda mfupi katika filamu hiyo kama mmoja wa wanawake wanaokuja kuandikiwa barua. Nyota ambaye magazeti yalimkejeli kwa miwani yake ya Kimarekani alijipa nafasi ya mwanamke anayedharauliwa kwa kosa linalofanana na hilo, na akajipanga kwenye foleni pamoja na wengine. Mwaka 1954 Koibumi ilishindanishwa katika Tamasha la Cannes.

Tsuki wa Noborinu ni kazi ya namna nyingine: vichekesho vya upole kuhusu mabinti watatu wa mzee Asai, aliyeigizwa na Chishu Ryu, huko Nara. Wanaomdharau Tanaka huishika filamu hii kama ushahidi kwamba aliiga. Ni kweli kwamba nyumba, milango ya karatasi na baba mpole vinamkumbusha mtazamaji kazi za Ozu, na baadhi ya mapigo yanafuata mtindo huo kama mwanafunzi anayefuatisha hati ya mwalimu. Hata hivyo, kuna tukio moja ambalo Ozu asingeweza kulipata kwa mwongozaji mwingine. Setsuko, binti mdogo anayejaribu kumwozesha dada yake, anamfundisha mtumishi wa nyumba namna ya kuigiza sauti katika simu ya hila. Anamsahihisha, anamrudisha mwanzo, anamtaka aongeze hisia. Mtumishi huyo ni Kinuyo Tanaka. Mwongozaji wa filamu anakaa mbele ya kamera yake akiongozwa vibaya na msichana asiyejua kuongoza, naye anacheza uigizaji mbovu kwa ustadi mkubwa. Mtazamaji wa mwaka 1955 aliyekuwa amesoma habari za ugomvi wa chama hakuhitaji kuelezwa kichekesho kiko wapi.

Titi, makovu na ushairi

Mabadiliko makubwa yalikuja na filamu ya tatu, Chibusa yo Eien Nare, iliyotoka mwezi Novemba 1955. Mara hii mswada uliandikwa na mwanamke, Sumie Tanaka, ambaye hana undugu na mwongozaji. Msingi wake ni maisha ya Fumiko Nakajo, mshairi wa Hokkaido aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki kwa saratani ya matiti mwezi Agosti 1954, muda mfupi tu baada ya diwani yake kumpa umaarufu wa ghafla. Nakajo aliandika tanka, utungo wa jadi wenye mizani 31, na aliutumia utungo huo, ambao ulihusishwa na mwezi, maua na majira, kusema juu ya upasuaji, tamaa na hasira.

Katika filamu, Fumiko anaigizwa na Yumeji Tsukioka. Anaachana na mume asiye mwaminifu, anapigania watoto, anaanza kutambuliwa kama mshairi, kisha anaugua. Simulizi kama hiyo ingeweza kugeuka kilio cha kawaida cha mama anayekufa. Sinema ya Japani ilikuwa na soko kubwa la filamu za namna hiyo, na Tanaka alikuwa amezicheza. Alijua basi mahali pa kuvunja kanuni.

Tukio linalostahili kuchambuliwa kwa kina ni lile la bafuni. Baada ya kukatwa matiti, Fumiko anaenda nyumbani kwa rafiki yake Kinuko, mjane wa Hori, mtu ambaye Fumiko alimpenda kwa siri. Anaomba kuoga katika bafu alilolitumia marehemu. Akiwa majini anazungumza kwa uchangamfu unaotisha, anakiri mapenzi yake, na anamtaka Kinuko atazame kifua chake. Kinuko hawezi kuvumilia. Mtazamaji haonyeshwi kovu. Anaonyeshwa uso wa anayeliona. Uamuzi huo ni wa mtu anayefahamu uzito wa mwitiko kuliko uzito wa kitu chenyewe. Lakini pia si haya ya kawaida, kwa sababu katika tukio la upasuaji kamera ilikuwa imekwisha kuonyesha titi chini ya taa ya madaktari, kama kiungo cha kazi, bila mahaba. Tanaka aligeuza kanuni ya sinema ya kibiashara: titi zima linaonekana pale lisipoweza kutamanika, na pale ambapo mwanamke mwenyewe anadai kutazamwa, mtazamaji ndiye anayepimwa.

Jambo la pili ni tamaa. Fumiko anayekaribia kufa anampenda mwandishi wa habari aliyetoka Tokyo kumwandika, na filamu hairuhusu mapenzi hayo yasafishwe yawe ya kiroho tu. Mgonjwa anamtaka mwanamume, na anamtaka kwa mwili uliobaki. Katika tukio jingine Fumiko anaifuata maiti inayosukumwa kwenye ukumbi wa hospitali usiku, mpaka lango lenye nondo linafungwa mbele yake. Hakuna muziki wa kumfariji anayetazama. Kwa maoni ya makala hii, Chibusa yo Eien Nare ndiyo filamu bora ya Tanaka, na inastahili kuwekwa meza moja na kazi za Naruse za miaka hiyohiyo bila kuombewa huruma yoyote.

Kasri, nyumba ya marekebisho na chumba cha chai

Ilipita miaka mitano kabla Tanaka hajaongoza tena. Ruten no Ohi ya mwaka 1960, iliyotolewa na Daiei kwa rangi na skrini pana, ilitokana na kumbukumbu za Hiro Saga, mwanamke wa tabaka la juu wa Japani aliyeozwa kwa Pujie, mdogo wake mfalme wa Manchukuo, dola iliyoundwa na jeshi la Japani katika ardhi ya China. Mswada uliandikwa na mwanamke mwingine, Natto Wada, na Machiko Kyo akaigiza binti huyo wa kifalme. Filamu ina ujasiri wa kuonyesha kwamba ndoa hiyo ilipangwa na wanajeshi kama wanavyopanga kambi. Walakini, inautazama ukoloni kutoka dirishani mwa kasri. Wachina wanaonekana kama watumishi, jamaa au umati. Mateso yao chini ya utawala wa Japani hayapewi nafasi sawa na machozi ya mke wa Kijapani. Udhaifu huo ni wa kitabu pia, na ni wa Japani ya wakati huo, lakini Tanaka aliukubali.

Kazi iliyofuata inarudi kwenye uwanja anaoujua vyema. Onna Bakari no Yoru ya mwaka 1961, ambayo mswada wake uliandikwa tena na Sumie Tanaka, inahusu wanawake waliowekwa katika nyumba ya marekebisho baada ya sheria ya kuzuia ukahaba, iliyopitishwa mwaka 1956 na kuanza kutumika kikamilifu mwaka 1958. Kuniko anatoka katika nyumba hiyo akiwa na nia ya kufanya kazi halali. Dukani, kiwandani na kwenye bustani ya mawaridi, mambo yanakwenda vizuri mpaka historia yake inapojulikana. Kiwandani wanaomtesa ni wanawake wenzake.

Inafaa kuilinganisha filamu hii na Yoru no Onnatachi ya Mizoguchi ya mwaka 1948, ambamo Tanaka mwenyewe aliigiza kahaba katika magofu ya Osaka. Mizoguchi anamalizia hadithi yake kwa kipigo kikali kando ya kanisa lililobomoka, na kamera inapanda kwenye kioo chenye picha ya Bikira Maria: anguko la mwanamke linakuwa mateso matakatifu. Miaka 13 baadaye yule aliyeigiza anguko hilo anauliza swali kavu zaidi: asubuhi ikifika, mwanamke huyo ataajiriwa na nani? Filamu yake haina utakatifu. Ina fomu za kazi, mishahara, mabweni na majirani wanaonong'ona. Sheria inaonekana kama kitu kilichowaondoa wanawake barabarani bila kuwaandalia mahali pa kwenda, na msimamizi mwema wa nyumba, aliyeigizwa na Chikage Awashima, anabaki mwema na asiye na uwezo.

Filamu ya mwisho, Ogin-sama ya mwaka 1962, ni ya kihistoria: binti wa kufikia wa Sen no Rikyu, bingwa wa sherehe za chai wa karne ya 16, anampenda bwana Mkristo, Takayama Ukon. Ilitengenezwa na Ninjin Kurabu, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1954 na waigizaji watatu wa kike, Keiko Kishi, Yoshiko Kuga na Ineko Arima, ili kujikomboa kutoka mikataba ya studio. Ni nzuri kwa rangi na mpangilio, ila nzito kwa mwendo. Mavazi mara nyingine yanawashinda wahusika. Umuhimu wake mkubwa uko nje ya skrini: ni filamu ya mwongozaji aliyetoka katika uigizaji, iliyotolewa na kampuni ya waigizaji, na Arima mmoja wa waanzilishi akiwa mwigizaji mkuu.

Kwa nini alisahaulika

Baada ya mwaka 1962 Tanaka hakuongoza tena. Televisheni ilikuwa imeanza kumaliza watazamaji wa majumba ya sinema, na studio zilipopunguza filamu zilianza kuwapunguza wale wasiokuwa na makazi ndani yake. Hapo ndipo gharama ya kuizunguka ngazi ilipodhihirika. Filamu zake sita zilitoka katika kampuni tano tofauti: Shintoho, Nikkatsu mara mbili, Daiei, Tokyo Eiga iliyokuwa chini ya Toho, na Ninjin Kurabu iliyosambaziwa na Shochiku. Hakuwa na studio iliyokuwa na sababu ya kulijenga jina lake la uongozaji, kulipeleka kwenye matamasha, au kutunza nakala zake pamoja kama urithi wa mtu mmoja. Wahakiki wa nje waliojenga orodha ya mabwana wa sinema ya Japani waliona kile ambacho studio ziliwaletea.

Alirudi kwenye uigizaji, akacheza katika sinema na televisheni hadi uzeeni. Mwaka 1974 aliigiza katika Sandakan Hachiban Shokan ya Kei Kumai, filamu iliyotokana na kitabu cha Tomoko Yamazaki kuhusu wanawake maskini wa Kijapani waliouzwa katika madanguro ya ng'ambo tangu mwisho wa karne ya 19. Wengi walipelekwa Asia ya Kusini-Mashariki. Wengine walifika mbali zaidi, hadi Zanzibar. Tanaka anaigiza Osaki, mkongwe anayeishi katika kibanda chakavu huko Amakusa na kumsimulia mtafiti kijana maisha yake ya Sandakan, Borneo. Uigizaji huo ulimpatia tuzo ya Dubu wa Fedha katika Tamasha la Berlin mwaka 1975. Kwa mara nyingine sifa ilimwendea kama mwigizaji, ingawa suala la filamu hiyo, mwanamke aliyetumiwa na nchi kisha akafichwa na nchi hiyohiyo, alikuwa amekwisha kuliongoza yeye mwenyewe mwaka 1953 na 1961.

Tanaka alifariki Tokyo tarehe 21 Machi 1977. Tangu mwaka 1985 Tuzo za Filamu za Mainichi hutoa tuzo yenye jina lake kwa waigizaji wa kike. Filamu alizoziongoza zilisubiri zaidi: nakala zilizorekebishwa za zote sita zilionyeshwa pamoja katika tamasha la Lumière mjini Lyon, Ufaransa, mwezi Oktoba 2021, kisha zikaingia katika majumba ya sinema ya nchi hiyo mwaka uliofuata, miaka 60 tangu Ogin-sama ilipotoka.